Magunzi na Maganda ya Risasi

Kule Karatina, Nyeri, gunzi la mahindi halina heshima: likishapukuchuliwa ni la kuwashia moto. Huko Marekani, wanaojaza upya risasi zao hulinunua likiwa limesagwa. Hulitia katika pipa dogo la mota pamoja na maganda matupu, wakaliacha lizunguke kwa saa kadhaa. Chembe zake zina ukali wa kutosha kuondoa masizi, lakini hazikwaruzi shaba.

Kabla ya hapo fataki kuukuu, yaani kiwashio cha baruti, hung'olewa kitakoni, ganda likaoshwa kwa maji moto, sabuni na asidi kidogo ya limau, kisha likaanikwa mpaka likauke ndani kabisa. Fundi mwenye akili hufunika pua, maana vumbi la fataki lina sumu ya madini ya risasi.

Ila kung'arisha ndiyo sehemu rahisi. Ganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka, kisha hunywea, na kila mara huchoka kidogo. Basi fundi huligeuza mwangani akitafuta mstari mwembamba juu ya kitako. Huingiza waya uliopindwa ncha, akapapasa ukuta kwa ndani. Waya ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha, hata liwe linameremeta vipi.

Dawa ya kung'arishia vifungo vya sare, yenye amonia, haipaswi kugusa ganda. Waingereza walijifunza hilo India: risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka maganda zenyewe majira ya mvua, kwa amonia ya mikojo.

Nyeri inajua thamani ya risasi moja. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau, kukutwa nayo kungeweza kukufikisha kitanzini. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alikuwa na bastola na risasi 6. Mafundi wa msituni waliunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na vipande vya mpira. Hao nawavulia kofia, kwani katika chombo kama hicho ganda likipasuka, moto humrudia mpigaji usoni.

Siku hizi, nchini Kenya, kazi ya kujaza upya risasi haiguswi bila kibali cha Sheria ya Silaha. Kwingineko, fundi makini halitupi ganda bovu likiwa zima. Hulibana shingo kwa koleo kwanza, asije mwingine akaliokota na kulijaza.