Steringi Hafi, Lakini Huzeeka

Watazamaji wa sinema za mapigano nchini Tanzania wana kanuni moja isiyoandikwa kitabuni: steringi hafi. Kijana wa Korogwe anayelipa kiingilio na kuketi kwenye benchi la kibanda umiza, na mwenziwe wa Handeni vilevile, huujua mwisho wa hadithi kabla ya kuuona mwanzo wake. Steringi atapigwa, ataanguka, atatokwa na damu, na mwishowe atasimama. Kinachowakalisha hapo kwa saa mbili katika joto ni kutaka kuona atasimama vipi, na kusimama huko kutamgharimu nini.

Kanuni hiyo haikusema lolote juu ya uzee. Jackie Chan, mzaliwa wa Hong Kong wa tarehe 7 Aprili 1954, alikuwa na umri wa miaka 70 ilipotoka nchini China, tarehe 1 Oktoba 2024, filamu yake iitwayo Panda Plan, iliyoongozwa na Zhang Luan. Ndani yake anaigiza nafsi yake: msanii mashuhuri wa mapigano, aliyekwisha kula chumvi nyingi, anayealikwa kumlea kwa heshima mtoto wa panda katika bustani ya wanyama. Kundi la mamluki linavamia bustani ili kumwiba mnyama huyo. Mzee anaingia kazini. Yapo mateke, zipo mbio, kipo kicheko, na panda anaokolewa. Kuusimulia mwisho huu si kumharibia mtu starehe, maana kanuni ya kibandani ilikwisha kuusimulia.

Mhakiki mwenye haraka angeipuuza filamu hii kwa kusema kwamba ni ya watoto. Lakini mchezo mwepesi nao una haki ya kupimwa, na mahali pa kuupimia pasidharauliwe. Korogwe si mgeni wa sinema. Baina ya mwaka 1935 na 1937, katika milima ya Vugiri, wilayani humo humo, ndiko yalikokuwa makao ya mradi wa kikoloni wa kujaribu sinema ya elimu kwa Waafrika, chini ya Notcutt na Latham. Zilitengenezwa huko filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, akiba ya posta na mengineyo, zikatiwa maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika, kisha zikapelekwa kuoneshwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Msingi wa mradi huo ulikuwa imani kwamba mtazamaji wa Kiafrika yafaa apewe picha zilizorahisishwa, apelekwe polepole, na aelezwe anachokitazama.

Vibanda vya video vilikuja kuipindua imani hiyo. Hapo pia palikuwa na sauti ya Kiswahili juu ya picha ya kigeni, lakini sauti ya namna nyingine kabisa. Watafsiri wa filamu, ambao kati yao jina la Lufufu lilivuma mno, hawakumfundisha mtazamaji. Walipiga naye soga. Walimpa adui jina la mtaani, wakamkejeli steringi alipozubaa, wakazua mazungumzo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Hadhira iliyolelewa na sauti za namna hiyo ni hadhira ya wahakiki. Haikubali kupewa picha bila kuijibu.

Hadhira hiyo ilimpenda Jackie Chan kwa sababu inayoeleweka. Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973, aliiachia dunia sura ya mpiganaji asiyeguswa. Chan aliigeuza sura hiyo mwaka 1978 katika Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, ambamo shujaa ni mtu anayepigwa, anayeogopa, anayekimbia na kupuliza vidole vyake baada ya kurusha ngumi. Tangu utotoni alifunzwa kuruka, kuimba na kuigiza katika chuo cha opera ya Kichina huko Hong Kong, na mafunzo hayo yaliupa mwili wake mizani. Mpenzi wa mashairi ataielewa sanaa hii upesi. Pambano zuri la Chan limejengwa kama ubeti: pigo la ukwapi linadai jibu la utao, kiti au ngazi iliyopo chumbani inaingia mahali pake kama kina, na kituo kinafika pale ambapo sikio limekwisha kukitazamia, lakini kwa neno ambalo halikutazamiwa.

Mizani hiyo ililipiwa kwa mwili. Mwaka 1985, katika Police Story, aliteleza juu ya nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, akaungua mikono. Mwaka uliofuata, katika kutengeneza Armour of God, alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu. Mwishoni mwa filamu zake nyingi alikuwa akionesha makosa na maumivu ya kazini, ili mtazamaji ajue kwamba alichokicheka kilikuwa na uzito. Ndiyo siri ya ucheshi wake. Mtu akianguka na isimuume, kuanguka kwake hakuchekeshi kwa muda mrefu.

Kasoro ya kwanza ya Panda Plan iko hapo. Hakuna anayemdai mzee wa miaka 70 aruke kutoka ghorofani. Angetaka kufanya hivyo, ingekuwa wajibu wa wenziwe kumzuia. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na mzee aliyeujua mwili kwa zaidi ya nusu karne bado ana mengi ya kuonesha: namna ya kukwepa bila kukimbia, namna ya kumwacha kijana ajishinde mwenyewe, namna ya kuketi chini na kuinuka. Goti linalogoma lingeweza kuwa kichekesho bora kuliko vyote. Filamu imechagua kuuficha uzee badala ya kuutumia. Picha inakatwa kabla pigo halijafika, inarudi pigo likiwa limekwisha, na mtazamaji anaachwa na mishororo isiyofika kwenye vina. Filamu hutania umaarufu wa steringi, na wapo maadui wanaomtambua na kumstahi. Utani huo una ladha yake. Lakini umaarufu ni jambo moja, na uzee ni jambo jingine. La kwanza limechekwa. La pili limepakwa rangi.

Kasoro ya pili ni mnyama mwenyewe. Panda huyu ametengenezwa kwa kompyuta. Jambo hilo lina sababu njema, kwani kumburuta panda mchanga kwenye moshi na milipuko kungekuwa ukatili uleule ambao filamu inaulaani. Mapenzi ya Chan kwa wanyama hao si ya kuigiza pia, kwa maana mwaka 2009 alikubali kuwa balozi wao na kuwafadhili watoto wawili wa panda waliopewa majina ya Cheng Cheng na Long Long. Hata hivyo, kiumbe aliyeletwa skrinini hana tabia ya mnyama. Hachafui, haumi, hakasiriki, hali chochote cha mtu. Ni kikaragosi chenye manyoya, na kumwokoa hakumgharimu mtu yeyote kitu chochote, isipokuwa mamluki ambao filamu haitaki kuwajali.

Hapa ndipo Handeni na Korogwe zinapokuwa na la kusema. Katika Habari za Wakilindi, tarihi aliyoiandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, yumo Mbegha, mwindaji wa milima ya Nguu, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa Handeni. Mbegha naye ni steringi wa aina yake. Anaingia katika miji iliyochoshwa na nguruwe wa porini wanaoharibu mashamba, anawaua, anawagawia watu nyama, na mwishowe Wasambaa wanamfanya mtawala wao. Lakini kabla ya utukufu huo, huko Kilindi, mwana wa mkubwa wa mji anafuatana naye kuwinda na kuuawa na nguruwe, na Mbegha analazimika kukimbia usiku. Mnyama wa hadithi hiyo ana meno. Shujaa analipa. Na watu wanaoishi karibu na mnyama huyo, wenye mashamba, njaa na watoto, wamo ndani ya hadithi tangu mwanzo hadi mwisho.

Watu hao ndio waliokosekana katika Panda Plan, na kukosekana kwao si jambo dogo kwa mtazamaji wa Handeni. Tangu Juni 2022, serikali imewahamishia katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro, wengi wao Wamaasai wafugaji, kwa hoja ya kuilinda hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 ikiwa mahali pa watu na wanyama pamoja. Serikali imesema kwamba wanahama kwa hiari. Watetezi wa haki na baadhi ya wakazi wamelipinga neno hilo. Uhakiki wa filamu hauwezi kuwa hakimu wa shauri hilo. Unaweza tu kusema kwamba mahali ambapo kumlinda mnyama kumekuwa na maana ya nyumba, malisho na makaburi yaliyoachwa nyuma, kicheko kinachodai kwamba uokoaji haumgharimu mtu hakiwezi kusikika kama kinavyosikika kwingine. Mtafsiri wa kibandani, akipewa filamu hii, pengine angemweka mamluki kando kidogo na kuuliza: bustani hii ilijengwa juu ya shamba la nani?

Isidhaniwe kwamba filamu nyepesi inatakiwa ibebe mizigo yote ya ulimwengu. Chan mwenyewe alikwisha kuonesha njia mwaka mmoja kabla, katika Ride On ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Larry Yang. Humo ni mzee wa kazi za hatari za filamu aliyepungukiwa na fedha na jina, anayeishi na farasi wake. Filamu ile nayo ina machozi ya bei rahisi, lakini farasi ana uzito na mzee ana maumivu. Unapofika wakati wa kuruka ruko kubwa la mwisho, mzee anamzuia farasi asiruke. Katika kitendo hicho kimoja cha kutotenda, uzee na huruma kwa mnyama vimekuwa kitu kimoja. Aliyeuvunja mwili wake maisha yake yote kwa ajili ya macho ya watu anajua nini cha kutomdai kiumbe kingine.

Panda Plan haina ruko lililozuiliwa. Inampa mzee ushindi wa kijana, na kumpa panda usalama usio na jirani. Watoto watacheka, na kicheko chao ni halali. Lakini wale waliokua pamoja na Chan kwenye mabenchi ya Korogwe na Handeni nao wamezeeka, magoti yao nayo yanagoma wanapoinuka, na walistahili kumwona steringi wao akiinuka kama wao: polepole, mkono mmoja ukiwa juu ya benchi.