Paul Klee, violini na kitanda cha kufumia: nani alifundisha nani?

Kuna maneno fulani yananichosha kila mara nasoma watu wanaandika juu ya wachoraji: eti « tablo hii inaimba ». Inaimba nini? Kwa sauti ngapi? Aliyeandika haelezi, anapita tu. Leo nataka tuongee juu ya mwalimu mmoja wa sanaa ambaye kwake maneno hayo yalikuwa na maana ya kazi, si ya mapambo. Anaitwa Paul Klee. Na nataka pia tuseme kitu ambacho wengi wanaomsifu wanapenda kuruka: deni lake, na la shule yake, kwa watu wa atelye.

Niwaambie mapema, mimi nilisoma agronomia. Tablo za Klee nazijua kwa vitabu na kwa telefone tu. Lakini mtu aliyezoea kupanga mistari ya mbegu ana kitu cha kusema hapa, mtaona.

Klee alizaliwa mwaka 1879 karibu na Bern, huko Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, mama yake alisomea kuimba. Alianza violini akiwa na miaka 7, na akiwa bado kijana alikuwa anapiga katika orkestra ya mji. Alipochagua uchoraji, violini haikufungiwa kabatini. Mwaka 1906 alioa Lily Stumpf, mpiga piano, na kwa miaka mingi njo huyo mama aliyelisha nyumba kwa kufundisha piano, wakati Klee anabaki anapika na kulea mtoto wao Felix. Wakikutana jioni, wanapiga muziki pamoja. Kwa hiyo muziki kwake haukuwa kitu cha kusikiliza kwa mbali. Ulikuwa kazi ya vidole, na mara mingi ulikuwa pia mkate wa nyumba.

Mwaka 1921 akaanza kufundisha Bauhaus, shule iliyofunguliwa mwaka 1919 katika mji wa Weimar, Ujerumani, na arshitekte Walter Gropius. Shule ile ilitaka mchoraji na fundi wakae chini ya paa moja: mbao, chuma, udongo, vioo, nguo. Klee alibaki huko miaka 10.

Sasa, alifundisha namna gani? Mwaka 1922, mbele ya wanafunzi, alichukua kipande cha Bach chenye sauti tatu na kukichora kwa mistari. Sauti ikipanda, mstari unapanda. Ikishuka, unashuka. Ikivutwa, mstari unarefuka. Ikitiwa nguvu, unanenepa. Hakuwaambia wachore huzuni ya Bach ao furaha ya Bach. Aliwaonyesha kile kitu kimejengwa namna gani.

Hapo njo naona tofauti kubwa. Mtu anayesikiliza tu anabaki na hisia. Mtu anayepiga pamoja na wenzake anajua mambo mengine: wapi pa kungoja, wapi pa kuingia, namna ya kushika njia yako wakati jirani anashika yake. Klee alileta darasani maarifa ya mtu anayepiga. Watu mingi wanadhani msanii anaenda kwenye muziki kutafuta « uvuvio », sawa vile anaenda kuchota maji kisimani. Klee alienda kutafuta mbinu.

Kwetu shambani hiyo mambo ya sauti nyingi si ngeni. Fikirieni mahindi na maharagi kwenye shamba moja. Unaacha sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi, katikati unapitisha maharagi. Mimea miwili, mizizi ya kimo tofauti, siku za kukomaa tofauti. Maharagi yanalisha udongo azoti, mahindi yanatoa kivuli. Ukipanda zote siku moja bila kufikiri, moja inaweza kunyonga nyingine. Ukipanga vizuri wakati wa kuingia kwa kila moja, shamba linabeba vyote viwili na unavuna mara mbili. Wanamuziki wanaita kitu kama hicho polifonia. Mama mkulima hakiiti jina, anakifanya.

Bon, tuangalie kazi zenyewe. Nitachukua mbili.

Ya kwanza ni « Fuge in Rot », yaani fuga katika rangi nyekundu, ya mwaka 1921. Fuga ni muziki ambamo sauti moja inaanza na wimbo mfupi, kiisha ya pili inaingia na wimbo uleule kabla ya kwanza kumaliza. Klee alichukua maumbo machache, kama mtungi, jani, duara, pembetatu, akayarudilia kwenye giza: kila umbo linatoka kwenye rangi nzito na kuendelea hadi rangi nyepesi, moja juu ya nyingine, sawa vile sauti inayoacha kivuli nyuma yake. Ni nzuri kutazama. Lakini kwangu bado ni zoezi la darasani. Kila umbo linajifuata lenyewe kwenye pembe yake. Mtungi haumjibu jani. Kwa lugha ya shamba, huo ni mpango wa kila zao kwenye parseli yake, hakuna aliyechanganya.

Ya pili ni « Ad Parnassum », ya mwaka 1932. Sasa iko kwenye jumba la sanaa la Bern, ina sentimita 100 kwa 126, kubwa kwa mtu aliyezoea kuchora vitu vidogo. Jina lenyewe linakumbusha kitabu cha zamani cha Johann Joseph Fux, cha mwaka 1725, ambacho wanamuziki wengi walijifunzia namna ya kuunganisha sauti. Kwenye tablo unaona duara la rangi ya machungwa, mistari miwili inayofanya kama paa ao mlima, na chini kitu kama mlango. Ukitazama vizuri unakuta sakafu ya vipande vikubwa vya rangi, na juu yake vidoti vidogo vidogo vilivyopangwa mstari kwa mstari. Kiisha ile mistari mirefu inapita juu ya vyote.

Sakafu ni polepole, vidoti ni haraka, mistari ni kama sauti moja ndefu. Hakuna anayemfunika mwenzake. Hapa kweli mazao yamechanganywa. Ata kwenye telefone utaona lile duara na paa, lakini vidoti vinageuka kuwa vumbi, juu kioo ni kidogo. Njo vile pia muziki unaopigwa mbele yako unapoteza kitu ukiuweka kwenye kipaza sauti cha bei ya chini: wimbo unabaki, kazi ya vidole inapotea.

Mpaka hapa namsifu mwalimu. Sasa tuende atelye ya kufuma.

Tazameni tena ile tablo: mistari ya vidoti, vipande vya mraba, rangi zinazozaliwa kwa kukutana. Kitambaa kinafanywa vile. Una nyuzi zilizosimama, zinaitwa mtande, na nyuzi zinazopita katikati yao, zinaitwa mshindio. Picha haiwekwi juu ya kitambaa. Picha ni kitambaa chenyewe, inatoka kwenye kupishana. Kuanzia mwaka 1927 Klee alikuwa na darasa la wafumaji, na zile tablo zake za miraba ya rangi zilikomaa katika shule ileile ambamo vitanda vya kufumia vilikuwa vinagonga mchana wote.

Nani walikuwa kwenye vitanda hivyo? Wanawake, karibu wote. Mwanzoni Gropius alitangaza kwamba shule haitatofautisha mwanamke na mwanaume. Wanawake wakaja wengi, kiisha wakubwa wakaogopa, wakaanza kuwasukuma kwenye nguo. Anni Albers alitaka atelye ya vioo, akajikuta kwenye kufuma. Gunta Stölzl, aliyeingia kama mwanafunzi, njo aliyekuja kuongoza ile atelye, na alipoondoka mwaka 1931 alikuwa amekwisha choshwa na vita za ndani.

Anni Albers hakuficha kwamba Klee alimsaidia. Lakini alisema pia kwamba alijifunza zaidi kwa kutazama kazi yake kuliko kwa kusikiliza masomo yake. Tuikamate vizuri hiyo. Profesa aliyeandika maelfu ya kurasa za masomo, mwanafunzi wake bora alijifunzia kwa macho, kwa kuangalia nukta na mstari vinafanya nini. Yaani alijifunza kwa Klee sawa vile Klee alivyojifunza kwa muziki: kwa kuona kazi inafanyika.

Na angalieni alichofanya na hayo masomo. Kwa diploma yake ya mwaka 1930, Anni Albers alifuma kitambaa cha kufunika ukuta wa ukumbi wa shule ya wafanyakazi huko Bernau. Upande mmoja, wenye selofani, ulirudisha mwanga. Upande mwingine ulimeza mwangwi. Klee alitafsiri sauti kuwa rangi. Albers alienda mbele kuliko hapo: alifanya uzi ufanye kazi kwenye sauti yenyewe, ili mtu akiongea, mwenzake wa nyuma amsikie. Wale ambao tumesoma kwenye auditwari zenye mwangwi, ambamo safu za nyuma zinaandika kwa kubahatisha, tunajua thamani ya kitambaa kama hicho.

Kulikuwa pia Otti Berger, mfumaji mwenye masikio mazito, aliyesisitiza kwamba kitambaa kijulikane kwanza kwa mkono. Alipata hati za haki kwa vitambaa alivyovumbua. Alikuwa Myahudi, aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Klee naye alifukuzwa kazi ya ualimu huko Düsseldorf mwaka 1933, akarudi Bern, akafa mwaka 1940. Siasa ile haikumhurumia mchoraji wala mfumaji. Ila kumbukumbu iliwagawa: Klee anajulikana dunia nzima, na Berger ni nani kati yetu aliyemsikia?

Lawama yangu njo hiyo. Bauhaus ilisema itaondoa ukuta kati ya msanii na fundi. Iliutoboa, haikuubomoa. Uvuvio ulipita pande zote mbili, heshima ilipita upande mmoja. Ata Klee, mwanaume aliyeishi miaka kwa mshahara wa piano ya bibi yake, hakuacha alama ya kupigana sana kwa ajili ya wale wamama wa atelye. Kazi yake haipungui thamani kwa hiyo. Lakini anayeandika juu yake na kusahau kitanda cha kufumia ameandika nusu.

Na sisi Wakongo tusicheke Wajerumani. Huko Kasai, Wakuba wanaume wanafuma makuti ya rafia, wanawake wanadarizi juu yake mpaka inakuwa laini kama manyoya. Angalieni michoro yake: inaenda sawa, inaenda sawa, halafu ghafla inakata njia, sawa vile mpiga ngoma anayevunja pigo makusudi. Henri Matisse alizitundika kwenye ukuta wa nyumba yake. Jina la Matisse tunalo. Jina la mama aliyedarizi, hapana. Kwenye jumba la makumbusho imeandikwa « Kuba », basi.

Ata kwenye muziki. Konono N°1 wa Kinshasa walipiga likembe zenye maikrofoni waliyojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu, na albamu yao « Congotronics » ya mwaka 2004 ilishangaza Ulaya. Hapo muziki na ufundi ni kitu kimoja, mkono uliotengeneza njo mkono unaopiga. Mara ngapi umesikia mtu wa namna hiyo ameitwa kwenye auditwari kuja kufundisha, akalipwa kama mwalimu mgeni, jina lake likaandikwa kwenye orari?

Mnaweza kusema hiyo ni mambo ya watu wa sanaa. Hapana. Fungueni TFC na memwari za fakilte yangu. Kila profesa ametajwa, na mwaka wa kitabu chake. Mkulima aliyetoa shamba, aliyeonyesha udongo gani unashika maji na mbegu gani inavumilia jua, anaitwa « mkulima wa mahali » ao namba 14 kwenye tabo. Tumekula maarifa yake, tumepata lisansi, yeye amebaki namba.

Wandugu na wadada ambao bado mko kwenye masomo: kama unachora, nenda mahali watu wanapiga, kaa karibu na vidole vyao. Kama unalima, kaa na mama anayechanganya mbegu na umuulize kwa nini anangoja wiki mbili. Kama mwenye kujibu anakubali, andika jina lake lote mahali unapoandika ya profesa. Haiombi bajeti ya serikali wala barua ya rektori. Inaomba tu mstari mmoja zaidi kwenye memwari.