Tumba la Asumini

Asumini inayofaa kutungwa bado hainukii. Ni tumba jeupe lililofumba, limevimba kichwani kama njiti ya kiberiti, na harufu yake iko mbele kwa saa kadhaa. Mtungaji analichagua kwa macho. Lenye ukijani bado changa, litanyauka uzini bila kufunguka. Lililoanza kulegea ncha limechelewa, litachanua mkononi mwake badala ya kifuani pa mnunuzi. Analotaka yeye ni lile lililo katikati, na siku yenye mavuno mema hulitafuta mara mamia.

Mwasumini wenyewe hauna makuu. Ni kichaka kisichopukutisha majani, asili yake Asia ya kusini, na hapa pwani hukaa uani, kwenye pipa au debe, pembeni mwa birika la maji. Wafilipino wamelifanya ua lake kuwa ua la taifa tangu 1934. Lamu, Mombasa na Unguja wamelifanya pambo la wanawake, heshima ambayo haikuhitaji tangazo. Aina za majumbani hazizai mbegu kwa kawaida, kwa hiyo mti huenda kwa vipandikizi: jirani anakata tawi, jirani anachomeka. Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, ndiyo maana mwasumini usiopogolewa huishia kuwa majani matupu. Wako pia wanaoukata kila wiki uwe mraba kama tofali. Hao wanaondoa maua kabla hayajaonekana, kisha wanalalamika kwamba mti wao ni dume.

Matumba huchumwa alasiri, kwa sababu jioni ikiingia yataanza kufunguka yawe mtini au yawe ungoni. Tangu hapo mtungaji anashindana na saa. Sindano ni nyembamba, uzi umeloweshwa, na ua hupitishwa shingoni, kwenye kile kimrija kilicho juu ya kikonyo. Akitoboa kichwa, petali zitachanika zitakapojaribu kutanuka.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko kwenye nafasi. Koja linatungwa kwa maua yaliyofumba, lakini litavaliwa na maua yaliyofunguka, ambayo upana wake ni mara kadhaa zaidi. Ukiyabana sana, usiku yanasukumana na kujipinda. Ukiyaachia, uzi unaonekana. Mtungaji hodari hupanga kwa ukubwa ambao haupo bado, na vidole vyake havisimami kupima. Nimewatazama wakifanya hivyo huku wakizungumza habari za mahari, bei ya unga na mtoto wa fulani, na shada likatoka limelingana mwanzo hadi mwisho.

Kikuba kinataka zaidi. Humo asumini inakutana na rehani, mkadi, waridi, pengine kilua au langilangi kukipatikana. Rehani na mkadi hunukia tangu zinapokatwa. Asumini inakuja baadaye. Kwa hiyo kikuba kilichofungwa vizuri kina harufu mbili: ya kununulia na ya kuvalia. Mteja mgeni hukinusa sokoni na kudhani amekwisha kukijua. Bi harusi na shoga zake wanajua kwamba bado, nao hukifunika kitambaa chenye umajimaji mpaka wakati wa kukibana kwa pini kwenye nguo au nywele.

Manukato ya chupa hayawezi kazi hii. Chupa hunukia sana mwanzo, kisha hufifia. Asumini huendelea kutengeneza harufu hata baada ya kuchumwa, ikiongeza kadiri usiku unavyokwenda na joto la mwili linavyoisaidia, na mtungaji ndiye aliyekadiria yote hayo alasiri, mbele ya ungo wa maua yasiyonukia. Yeye mwenyewe haisikii kazi yake ikikamilika. Wakati ngoma imechanganya na ukumbi mzima umejaa harufu, yuko kwake, amekwisha kunawa utomvu mikononi, na alicholipwa kwa shada lile hakifikii bei ya soda mbili.