Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uhakiki wa Masimulizi Mawili ya Kibera

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutumiwa mno katika hotuba za kuwakaribisha wageni, hata imesahauliwa kwamba ndani yake mna sharti: ujio wa mgeni hupimwa kwa nafuu anayoipata mwenyeji. Sharti hilo linafaa kuwa kipimo cha maandishi yaliyozaliwa na safari za wanafunzi baina ya mataifa. Dola hazigharimii safari hizo kwa ukarimu mtupu. Mwanafunzi ni balozi asiye na hati: akirejea kwao hubeba sura ya wenyeji, nao wenyeji hubaki na sura ya nchi yake.

Kenya ina historia ndefu katika jambo hili. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda Marekani kwa ndege iliyokodiwa kutokana na juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Kufikia 1963 vijana wapatao 800, wengi wao Wakenya, walikuwa wamepita njia hiyo. Oginga Odinga naye aliwatafutia vijana nafasi katika nchi za Kisoshalisti. Mwanawe, Raila, alisomea uhandisi Magdeburg, Ujerumani ya Mashariki, na baadaye, kuanzia 1992 hadi 2013, akawa mbunge wa Langata, jimbo ambalo wakati huo liliijumuisha Kibera. Katika safari zote hizo Mkenya ndiye aliyekuwa mgeni. Vitabu viwili vinavyohakikiwa hapa vinaanza na safari ya upande wa pili: mwanafunzi wa Marekani anakuja Nairobi na kuingia Kibera.

Maudhui

Kitabu cha kwanza ni It Happened on the Way to War (2011) cha Rye Barcott. Mwandishi alifika Kibera mwaka 2000 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, kuchunguza maisha ya vijana na ghasia za kikabila. Wakati huohuo alikuwa akiandaliwa kuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, na baadaye alitumwa Bosnia, Pembe ya Afrika na Iraki. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ubora wa kitabu hiki ni kwamba kamba hiyo haikufichwa. Msomaji anaiona sare ya askari kando ya kazi ya hisani, na mgongano wa mambo hayo mawili ndio uti wa mgongo wa masimulizi.

Hata hivyo, mhusika mwenye uzito zaidi si msimulizi. Ni Tabitha Atieno Festo, muuguzi aliyepoteza kazi, ambaye alipewa shilingi za Kenya zilizolingana na dola 26, akafanya biashara ya mboga, na kwa faida yake akaanzisha zahanati nyumbani kwake. Tabitha alifariki mwaka 2004, na zahanati ikachukua jina lake. Kisa hiki kinapohadithiwa kwa wafadhili, dola 26 huelekea kuwa shujaa. Mhakiki hana budi kuuliza: fedha hizo zingefanya nini bila ujuzi, uvumilivu na ujirani wa mama huyu? Sauti yake inatufikia kupitia kinywa cha mgeni tu, nayo ni hasara ambayo wema wa mgeni hauwezi kuifidia.

Kitabu cha pili, Find Me Unafraid (2015), kinajaribu kuiziba pengo hilo. Kimeandikwa na Kennedy Odede, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Kibera, pamoja na Jessica Posner, Mmarekani aliyekuja Nairobi mwaka 2007 akiwa mwanafunzi na kufanya kazi katika kikundi cha maigizo cha shirika ambalo Odede alikuwa ameliasisi mwaka 2004. Posner aliamua kuishi Kibera kwenyewe. Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni aliomba jembe mwenyewe. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Odede alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, akahitimu mwaka 2012. Shule ya wasichana waliyoianzisha Kibera ilifunguliwa mwaka 2009. Basi safari imekwenda pande zote mbili, na mwenyeji ameonekana kupona.

Fani

Fani ya kitabu hiki inaafikiana na maudhui yake: wasimulizi wawili wanapokezana sura. Mwenyeji hahitaji tena mkalimani. Lakini usawa huo una mpaka. Odede anasimulia kwa Kiingereza, kwa msomaji ambaye lazima aelezwe kila kitu ambacho jirani yake wa Kibera anakijua bila kuambiwa. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mtaa, kinabaki kuwa kitoweo cha maneno machache juu ya sahani ya Kiingereza. Sheng, lugha ya vijana wa maigizo yale, haipati nafasi ya kubeba fikra. Kinubi, lugha ya askari wa Kisudani waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kupaita Kibra, yaani msitu, ndicho asili ya jina lenyewe la mahali.

Umaarufu nao una kasoro zake. Filamu ya The Constant Gardener (2005), ziara ya Seneta Barack Obama mwaka 2006 na ya Ban Ki-moon mwaka 2007 ziliifanya Kibera kuwa jina la umaskini duniani. Ilidaiwa mara kwa mara kuwa wakazi wake ni milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000. Hata wale walioipinga sensa hiyo hawawezi kukana kwamba ile milioni ilienezwa kwa kunukuliana. Kawangware, inayopakana na majumba ya wakwasi wa Lavington, ina dhiki na werevu wa namna hiyohiyo, lakini jina lake halikuvuma hivyo. Mgeni huandika pale alipoelekezwa.

Hitimisho

Vitabu hivi viwili vimeitimiza kazi ya ubalozi kwa uaminifu kuliko hotuba nyingi: vimemwonyesha Mmarekani jirani yake. Kazi iliyobaki si ya Wamarekani. Kwa miaka mingi mpango wa Fulbright umewachukua Wakenya kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, na tangu 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius ya kufundishia Kichina. Ni aibu ikiwa lugha itavuka bahari na kushindwa kuvuka barabara. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuwapeleka wanafunzi wake Kibera na Kawangware kuyakusanya masimulizi ya wauguzi, wachuuzi na waigizaji kwa Kiswahili, Sheng na Kinubi, na kuyachapisha ili wasimulizi wenyewe waweze kuyasoma na kuyasahihisha. Mwenyeji asiyeweza kuyasahihisha yaliyoandikwa juu yake hajapona bado.