Hesabu ya Watu Wanne

Kyavinyonge, kijiji chetu cha wavuvi, huamka kwa hesabu. Jua halijapanda vizuri juu ya Ziwa Edward, mitumbwi inarudi, na hata nyavu hazijakunjwa tayari kuna mtu anahesabu: tilapia wangapi, kambare wangapi, nani anadaiwa mafuta ya injini, nani atalipwa samaki badala ya pesa. Akina mama wanaopandisha samaki mjini Butembo hawashiki karatasi. Hesabu yao iko kichwani na vidoleni, na madeni ya wiki tatu wanayakumbuka kwa jina la mtu na rangi ya beseni. Ni hesabu ya kasi na mara nyingi ni ya kweli. Kasoro yake ni moja: ikikosewa, hakuna anayeweza kukuonyesha ilikosewa wapi. Hapo ndipo sauti hupanda.

Kuna ufundi mdogo unaotibu kasoro hiyo, na sijasikia mtu akiusifu. Ni ufundi wa kutengeneza jedwali kwenye kompyuta. Vitabu huliita lahajedwali, sisi wengine tunasema Excel basi. Wengi wanalijua kama kazi ya karani wa ofisi. Mimi nalipenda zaidi darasani, kompyuta ikiwa moja na watoto wakiwa wanne.

Mnande, mwenyeji wa huku kwetu, haoni ugeni wa seli, yaani kila chumba cha jedwali. Seli haina jina la kujichagulia; inaitwa kwa mahali ilipo. B4 ni B4 kwa sababu iko safu ya B, mstari wa nne. Kwetu nako mtoto wa kiume hupewa jina la nafasi yake: kwa mfano Kambale, kisha Kasereka, kisha Kakule, kisha Katembo. Ukisikia Kakule unajua waliomtangulia kabla hujamwona uso. Lakini jina la nafasi lina mtego wake, na watoto huugundua upesi. Andika orodha ya wavuvi wa ufuo mmoja, utapata Kambale watano. Ukiiagiza kompyuta kwa fomula ya SOMME.SI ikujumlishie samaki wa Kambale, itawajumlisha wote watano kama mtu mmoja, bila aibu. Basi inabidi kuongeza safu nyingine, ya namba ya mtumbwi, ili kila Kambale ale jasho lake. Somo hilo halikutoka ubaoni. Limetoka kwenye ubishi wa watoto wanaowajua Kambale hao kwa sura.

Kundi langu nalipanga hivi. Mmoja anasoma karatasi kwa sauti. Wa pili anaandika. Wa tatu anafuata kwa kidole kuona kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Wa nne hana kazi ila kuuliza. Kila mistari kumi wanabadilishana viti, hata kama aliyeshika kibodi ananuna.

Siku moja walikuwa na mitumbwi sita na kilo zake: 18, 22, 15, 9.5, 31 na 12. Wakaandika SOMME, fomula ya kujumlisha, kompyuta ikatoa 98. Msichana wa kiti cha kuuliza, ambaye mama yake anauza samaki, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, mashine imekosea. Ni mia na saba na nusu.”

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika somo hili. Wakahesabu upya kwa kalamu, wakapata 107,5. Wakaandika fomula upya, 98 ileile. Wakaangalia wastani: kompyuta ilisema 19,6, na wao kwa kalamu walipata 17,9. Jambo likawa zito. Inakuwaje jumla ishuke na wastani upande?

Kijana wa kidole ndiye aliyeona. “Hii 9.5 imesimama upande mbaya.” Kweli, namba nyingine zote zilikuwa zimeegemea kulia mwa seli zao, na ile moja imeshika ukuta wa kushoto, kama maneno yanavyofanya. Kompyuta yetu inaongea Kifaransa, na Kifaransa hutenga desimali kwa koma. Ile nukta ilikuwa imegeuza kilo tisa na nusu kuwa neno tu. SOMME ikairuka, wastani nao ukagawanya kwa mitumbwi mitano badala ya sita. Wakafuta nukta, wakaweka koma. Papo hapo jumla ikawa 107,5, wastani ukateremka, na kwenye mchoro waliouchora kutoka jedwali hilo ukaota mnara mdogo mahali palipokuwa na pengo.

Nilingoja walaumiane. Karatasi ilikuwa na nukta tangu ufuoni, msomaji akaisoma nukta, mwandishi akaiandika, kidole kikaipitisha. Kosa lilikuwa limepita mikononi mwa watatu, na wa nne angekuwa yule msichana kama angenyamaza. Hakukuwa na wa kumchapa. Kulikuwa na seli ya kusahihisha.

Huo ndio moyo wa ufundi huu. Kwenye daftari, kosa la mtoto ni lake na wino wake mwekundu. Kwenye jedwali, seli ya mmoja ni chakula cha fomula ya mwenzake. Ukizembea kwako, jumla ya mwingine inaugua. Mtoto anajifunza kuwa na deni kwa mwenzake kabla hajaambiwa neno wajibu.

Na kifaa chenyewe kilizaliwa darasani. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, Marekani. Alimwona mwalimu akijaza jedwali ubaoni, na kila tarakimu moja ilipobadilika, nyingine nyingi zikabidi zifutwe na kuandikwa tena. Akawaza ubao unaojisahihisha wenyewe. Mwaka uliofuata, yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, programu ya lahajedwali. Mwalimu yeyote aliyewahi kufuta ubao mzima kwa kiwiko cha shati anaijua njaa iliyozaa chombo hicho.

Lakini tuna ukoo wa zamani zaidi, na uko jirani. Si mbali na Kyavinyonge, Ziwa Edward linapomwaga maji yake katika mto Semliki, ndipo Ishango. Hapo mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa wa urefu wa kidole, sentimita kama 10, wenye alama zilizochongwa kwa makundi, katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels.

Makundi hayo nawapa watoto wayaandike kwenye jedwali. Safu moja: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Wanaandika SOMME chini ya kila safu: 60, 60, 48. Darasa linalipuka. Wengine wanasema ni hesabu ya siku za mwezi, kama walivyowahi kusema baadhi ya wataalamu. Mwingine anaona namba zisizogawanyika. Mwingine anasema mtu alichonga tu ili mpini usimteleze mkononi, na wapo wataalamu waliosema hivyo pia. Watu wazima wa vyuo vikuu wanabishana mpaka leo, basi watoto wangu wako katika kundi zuri.

Siku ileile ya nukta, yule msichana wa kiti cha kuuliza akabofya seli ya 60, fomula ikajitokeza juu: =SOMME(A2:A5). Akaiangalia, akaangalia picha ya mfupa.

“Huyu mzee alituachia majibu,” akasema, “hakuacha fomula.”

Sikuwa na la kuongeza. Kabla ya kengele walirudi kwenye jedwali la mitumbwi. Juu ya safu ya kilo, mwandishi wao aliingiza mstari mpya, akaandika kwa ajili ya kundi litakalokuja kesho: *Andika koma, usiandike nukta. Namba ikisimama kushoto, uliza.*