Kiungo cha Mnadi

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi, bei unazisikia kabla hujaiona bidhaa. "Buku jero, buku jero! Chagua mwenyewe!" Kijana kasimama katikati ya rundo la mitumba, blauzi zimemfika magotini, na tangu asubuhi hajapumzika. Wapita njia husema ana mapafu. Mapafu tunayo sote. Yeye ana koromeo lililofunzwa kazi.

Ndani ya koromeo kuna gegedu iliyoizunguka njia ya hewa kama pete ya muhuri, upande mpana ukiwa nyuma. Juu ya upande huo zimeketi gegedu mbili ndogo, aritenoidi, kila moja na kiungo chake. Ni kiungo kamili, chenye mfuko na ute wa kulainisha sawa na goti, na baridi yabisi huweza kukishika vilevile. Nyuzi za sauti zimeshikizwa kwenye gegedu hizo mbili. Aritenoidi zikitelezea nje, nyuzi huachana, hewa ikapita. Zikiinamia ndani, nyuzi hukutana, na pumzi huzitikisa zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Misuli ya kuzifunga ni kadhaa. Ya kuzifungua ni jozi moja tu.

Ufundi wa mnadi uko hapo. Anayejifunza hukaza shingo na kuzigonganisha nyuzi kwa nguvu; adhuhuri haijafika, sauti imekwisha. Fundi huzikutanisha pumzi inapofika, si kabla. Msikilize: "buku" anaipandisha, "jero" anaivuta. Mteja akiinua blauzi kukagua mshono, mnadi anakata. Nyuzi zimeachana, pumzi fupi imeingia, na sauti inarudi ya chini, ya mazungumzo: "Hiyo saizi yako kabisa, dada."

Mwaka 1854, Manuel García alitumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kulichungulia koromeo lake mwenyewe likifanya kazi. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, mtu aliyekula kwa sauti, kama huyu wa Mtaa wa Kongo.

Siku hizi meza nyingi zina spika inayorudia bei ileile mchana kutwa. Haichoki, ni kweli. Lakini haijui dada yupi ameshaanza kuondoka, wala haiwezi kushusha sauti ili imrudishe. Kazi hiyo bado inataka mtu, na viungo vyake viwili.