Gari la Mzee, Mmiliki Mmoja

"Peugeot 504 ya 1978, gari la mzee, mmiliki mmoja. Injini haijawahi kufunguliwa. Rangi ni ile ya kiwandani. Limekuwa likienda kanisani Jumapili na sokoni Jumatano, basi. Mzee anauza kwa sababu macho yamechoka. Wenye nia pekee."

Tangazo hili lilikaa mtandaoni siku tisa kabla gari halijanunuliwa. Nataka tulisome vile tunavyosoma hadithi fupi, kwa sababu ni hadithi fupi, tena si mbaya. Lina mhusika, lina mandhari, lina mgogoro ulioingizwa mwishoni kwa maneno mawili: macho yamechoka. Halina bei. Halitaji ukubwa wa injini, wala kutu, wala hali ya sakafu. Lakini tayari umemwona mzee na koti lake la kijivu, anafuta kioo kwa kitambaa kabla ya ibada. Ukishamwona mzee hivyo, kuuliza habari ya kutu kunakuwa kama utovu wa adabu.

Najua lilivyotungwa. Nililiandika mimi, nikiwa Kitale, kwa kibanda cha chai nyuma ya stendi, na nikalipwa shilingi 500 kwa M-Pesa.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama. Nikarudi nyumbani na kalamu tu. Niliandika barua za kuomba kazi za watu wengine, hotuba za harusi, risala za mazishi. Broka mmoja wa magari akasikia kuna kijana anajua kupanga maneno. Alikuwa na picha, alikosa maneno. Kwa miezi saba nikawa namwandikia, Kitale hadi Bungoma, gari baada ya gari. Kwa hivyo msomaji, haya si makala ya mtu aliyetapeliwa. Nilikuwa upande ule mwingine wa meza.

Huko Marekani mchezo huu una historia ndefu. Magari yao ya misuli ya miaka ya sitini, zile Chevelle na Pontiac GTO zenye injini kubwa kuliko akili ya dereva, yalitokana na magari ya kawaida ya familia. Bodi ni ile ile. Kwa hivyo mtu huchukua Chevelle Malibu ya mama wa nyumbani, akaibandika nembo za SS na mistari miwili juu ya boneti, akaiuza kwa bei ya nyingine kabisa. Kwa Chevelle za 1966 hadi 1968 unaweza kumshika kwa namba ya chesi: ile SS 396 ya kweli inaanza na 138, Malibu ya V8 inaanza na 136. Lakini kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha kuongezewa, na namba ya chesi ikanyamaza. Hapo unatafuta karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingine hupatikana imekunjwa juu ya tangi la petroli, imesahaulika huko miaka hamsini. Nampenda sana huyo mtu anayelala chini ya gari akitafuta karatasi. Ndiye mhakiki halisi.

Sisi Chevelle hatuna. Magari yenye usukani wa kushoto hayasajiliwi hapa kwa matumizi ya kawaida, na gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane. Maana yake ni kwamba gari la kale la Kenya, kwa kawaida, ni lile lililokuwa hapa tayari. Lilizeekea hapa, kwenye matope yetu. Ndiyo maana tangazo la gari la kale hapa linauza ukoo. Nguvu za injini zinakuja baadaye.

Na ukoo upo kweli. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun Violet, ile wengi huku waliijua kama 160J. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, na watu wenye pesa wanatafuta bodi za zamani. Bei zikapanda, na bei ikipanda watunzi hawakosi. Ghafla kila Datsun iliyofia nyuma ya zizi la ng'ombe Trans Nzoia ilikuwa imeshawahi "kukimbia Safari".

Lakini huku magharibi 504 ilikuwa zaidi ya rali. Ile ndefu, ya stesheni wagoni, ilibeba abiria kwenda Nairobi na kurudi, na mara nyingine ilirudi na jeneza juu ya paa. Ilibeba maharusi. Ilikuwa gari la Serikali, gari la mwalimu mkuu, gari la meneja wa kiwanda. Broka wangu hakuhitaji kunifundisha hilo. Nilijua kwamba nikitaja kanisa, mtu wa Bungoma mwenye umri wa miaka hamsini na kitu atamwona babake.

Hapo ndipo ustadi ulipo, na ndipo kosa langu lilipo. Watu hufikiri tangazo la uongo linadanganya kuhusu gari. La hasha. Likidanganya kuhusu gari, fundi atalikamata kwa dakika tano. Linadanganya kuhusu mtu. Hakuna fundi anayeweza kufungua boneti akamkagua mzee.

Kuna mbinu za kijinga ambazo sitazipa muda mwingi. Nembo, kwa mfano. Nembo ya TI kwenye buti la 504 inasema injini ni ya injekisheni. Ukifungua boneti ukakuta kabureta, funga, sema asante, panda boda. Vijana wenzangu wanaotafuta Subaru wana kazi rahisi hata zaidi: kwa zile Impreza saluni za kizazi cha pili, namba ya chesi ya STI inaanza na GDB na ya WRX inaanza na GDA, na STI ina giya sita, WRX tano. Herufi tatu tu, zimeandikwa kwenye logibuku. Bado nimeona watu wakilipia nembo ya rangi ya waridi iliyonunuliwa dukani kwa bei ya chapati kumi.

Kinachonivutia ni zile mbinu za kimyakimya. Namba ya gari iliyofunikwa kwa kitambaa kwenye picha, eti kwa usalama. Namba ya gari ya Kenya ni aya nzima ya wasifu! Mfumo wa KAA, wenye herufi ya mwisho, ulianza 1989. Gari la 1978 lililosajiliwa hapa likiwa jipya lilipewa namba ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi mkiani. Ukiona 504 ya 1978 ina namba ya KA-kitu yenye mkia, si lazima iwe ya wizi. Huenda ilikuwa na namba ya GK, ikatumika na Serikali hadi ikauzwa kwa mnada, ndipo ikapewa namba ya raia. Hiyo ni historia halali kabisa. Lakini basi "mmiliki mmoja" imekufa papo hapo: mmiliki wa kwanza alikuwa Serikali, na madereva hawahesabiki.

Halafu angalia picha ambayo haikupigwa. Mimi huhesabu. Picha kumi na mbili za gari, nane za upande wa kushoto. Upande wa kulia una nini? Picha baada ya mvua, bodi imelowa, kwa sababu maji huficha tofauti ya rangi na mawimbi ya fila. Picha ya dashibodi kwa karibu sana, sakafu haionekani. Broka alikuwa ananitumia picha kwa WhatsApp na agizo moja: "Usiguse sakafu." Nilidhani anaongea juu ya picha. Alikuwa anaongea juu ya nathari yangu.

Na kauli tendewa, jamani. "Imetunzwa." "Imehudumiwa." Na nani? "Haijawahi kufunguliwa" ni sentensi niliyoipenda sana kwa sababu ina sauti ya ubikira. Lakini hebu fikiria: injini ya zaidi ya miaka arobaini ambayo haijawahi kufunguliwa, ama mita haisemi ukweli ama imekaribia sana siku ya kufunguliwa. Vyovyote vile, si sifa.

Tangazo bora nililowahi kusoma lilitoka Bungoma, la pikapu ya Datsun 1200, na silisahau: sakafu upande wa dereva imeoza, giya ya pili inaruka, logibuku ipo kwa jina langu, njoo Kanduyi na fundi wako. Basi. Mtu huyo hakuwahi kusomea uandishi, naapa. Lakini kila neno linasimama kwa miguu yake na msimulizi anajulikana ni nani. Nilimwonyesha broka. Akacheka, akasema hilo gari halitauzwa. Liliuzwa siku mbili baadaye, na nikaona wivu, ule wivu wa mwandishi kwa mwandishi.

Sasa turudi kwa mzee wangu wa kanisani.

Aliyenunua ile 504 ni mwalimu mstaafu wa upande wa Bungoma. Alilipa shilingi 350,000, sehemu ya mafao yake. Alikuja Kitale na kijana wake, wakaliendesha hadi Kiminini na kurudi, likaenda vizuri. Hakuja na fundi. Baadaye aliniambia kwamba aliona vibaya kuleta fundi kwa gari la mzee mwenzake.

Fundi aliliona wiki iliyofuata, huko kwao, lilipoanza kuvuta upande mmoja. Akalipiga jeki. Chini ya zulia na tabaka la rangi nyeusi kulikuwa na mstari wa kuchomelea, kutoka mlango hadi mlango. Mbele ni gari moja, nyuma ni jingine. Kibati cha namba ya chesi kilikuwa kimepigwa ribiti mpya zinazong'aa. Mwalimu akaomba rekodi ya gari NTSA, ile ambayo angeiomba kabla ya kulipa, na majina yalikuwa matatu. La kwanza halikuwa la mtu.

Simu ya broka ilikuwa imezimwa. Namba ya pili kwenye tangazo ilikuwa yangu.

"Habari ya asubuhi, kijana," akasema. Nikajibu, "Nzuri, Mwalimu," kwa sababu tayari alikuwa amejitambulisha. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Akaniambia habari ya mstari na ya ribiti, polepole, kama anayesoma mtihani wa mtoto ambaye alimtarajia afanye vyema. Kisha akauliza, "Yule mzee mwenye gari anaishi wapi? Ningependa kumwona. Labda na yeye alidanganywa."

Nikamwambia hakuna mzee.

Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikaangalia kama laini imekatika. "Na kanisa?" akauliza.

Nilienda Bungoma kwa matatu, kupitia Webuye, na ile shilingi 500 ndani ya bahasha. Hata mimi nilijua ni ujinga. Hakuichukua. Gari lilikuwa chini ya mwembe, limeinama upande mmoja. Mama akaleta chai, na mkewe mwalimu huyo hakuniuliza lolote, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kuulizwa. Mwalimu alitaka kitu kimoja: niandike tangazo jingine, tuliuze kama spea. Nikaandika. Nikaanza na "Kwa masikitiko". Akavaa miwani, akasoma, akalirudisha.

"Toa hayo masikitiko. Andika kilichopo."

Nikaandika kilichopo. 504, vipande viwili vya magari mawili, yamechomelewa sakafuni, picha ya mstari ni ya nne. Injini ya kabureta, inawaka. Giaboksi nzuri. Milango minne haina kutu. Haliuzwi kwa kuendesha barabarani. Rekodi ya NTSA ipo, ina majina matatu. Bei 90,000.

Broka sijamwona tena. Nasikia yuko upande wa Eldoret na ana mwandishi mwingine. Tangazo la mwalimu bado liko. Hadi leo wamepiga simu watu wawili. Wote wawili walianza kwa kuuliza, hii ilikuwa ya nani?